Mpiga gitaa kavu anunue daftari kabla ya maiki

Kijana anayepiga gitaa kavu na kutaka kutoa muziki wake mwenyewe, bila lebo wala meneja, karibu kila mara huanza na swali lile lile: ninunue kifaa gani? Maduka ya vifaa vya sauti ya Kariakoo, Dar es Salaam, na ya Luthuli Avenue, Nairobi, yana majibu tele, na mafundi wa YouTube wana mengine zaidi: maiki hii, kadi ya sauti ile, hedifoni za studio, spika za kusikilizia, programu ya kulipia. Orodha haina mwisho, na kila kilichomo kina sababu ya kuwamo. Hata hivyo orodha hiyo imepinduliwa kichwa chini miguu juu. Kwa mpiga gitaa kavu, tofauti na mtengenezaji wa Bongo Fleva au Gengetone, kurekodi ndiyo kazi nyepesi kuliko zote, na imekuwa nyepesi kwa zaidi ya miaka 70. Kilichowapotezea wapiga magitaa wa bara hili mali yao ni karatasi: rekodi ni ya nani, mtunzi aliyeandikwa ni nani, nakala mama ziko kwa nani, na nani anajua msikilizaji yuko wapi. Anayepanga bajeti ya kujitegemea aanzie hapo, kisha ndipo ashuke kwenye maiki.

Ushahidi wa sauti tunao. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka nusu ya Afrika na mashine ya kurekodia, alifika Jadotville huko Katanga, mji ambao leo unaitwa Likasi, akamkuta kijana aitwaye Jean Bosco Mwenda. Hapakuwa na studio. Tracey alikuwa na desturi ya kushika maiki mkononi na kuisogeza mwenyewe karibu na chombo, na mbele yake alikuwapo mtu mmoja, gitaa moja, gumba na kidole cha shahada. Humo ndimo ilimotoka “Masanga”, rekodi ambayo wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wameiandika nota kwa nota, na ambayo ilichangia Mwenda kualikwa kwenye tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1969. Magharibi mwa Kenya, miaka michache baadaye, George Mukabi na wenzake wa mtindo wa omutibo walihitaji mdundo nyuma ya gitaa, na mdundo ukapatikana kwenye chupa ya Fanta: ile yenye mikunjo, ikikwaruzwa na kugongwa kwa kijiti au chuma. Hakuna mtu aliyesikia rekodi za omutibo akasema zimepungukiwa na ngoma. Chupa ile ilikidhi kazi kwa sababu muziki wenyewe ulikuwa umekamilika vidoleni mwa mpigaji kabla haujafika kwenye mashine.

Hili halisemwi ili kuutukuza umaskini wa vifaa. Muziki wa gitaa kavu una umbo ambalo halihitaji zaidi. Besi inapigwa na gumba, sauti ya juu inapigwa na kidole, na mtu huyo huyo anaimba. Mchanganyo, ile kazi ya kupanga besi, ngoma, kinanda na sauti visigongane, unafanywa na mpigaji mwenyewe wakati ule ule anapopiga. Prodyuza wa Bongo Fleva anaweza kuwa na nyimbo zenye njia 60 za sauti kwenye kompyuta, na kila njia inahitaji uamuzi. Mpiga gitaa kavu ana mbili, pengine tatu. Ndiyo maana pengo la ubora kati ya studio ya gharama na chumba cha kulala ni dogo sana kwake kuliko kwa mwanamuziki mwingine yeyote. Mwaka 1982 Bruce Springsteen alitoa albamu ya “Nebraska” iliyorekodiwa nyumbani New Jersey kwa mashine ndogo ya kaseti yenye njia nne na maiki mbili za Shure SM57, aina ambayo hadi leo hupatikana kwa takriban dola 100. Alikuwa na uwezo wa kukodi studio yoyote duniani. Alijaribu hata kuzirekodi upya nyimbo hizo na bendi yake, kisha akarudi kwenye kaseti.

Sasa tugeukie karatasi. Wanamuziki wengi wakongwe wa Tanzania huliita gitaa kavu “galatoni”, na jina hilo linatupeleka Afrika Kusini, kwenye kampuni ya Gallo iliyouza magitaa na santuri kwa chapa ya Gallotone. (Gitaa la kwanza la John Lennon, lile alilokuwa nalo siku alipokutana na Paul McCartney mwaka 1957, lilikuwa Gallotone Champion; kwa hiyo galatoni si kitu cha kudharauliwa.) Rekodi za Tracey, zikiwamo za Mwenda, zilitoka kwenye santuri za chapa hiyo hiyo. Fikiria mpangilio huo: kampuni moja inauza chombo, inarekodi kinachopigwa kwenye chombo, inauza santuri, na pengine inauza na mashine ya kuichezea. Mpigaji ni kiungo kimoja tu katika mnyororo ambao viungo vingine vyote viko kwa mtu mwingine. Katika studio za Gallo hizo hizo, mwaka 1939, Solomon Linda alirekodi “Mbube”. Haki za wimbo huo, uliokuja kuzunguka dunia kwa jina la simba aliyelala, ziliuzwa kwa shilingi 10. Linda alikufa mwaka 1962 bila mali, na warithi wake walifikia mapatano ya kulipwa mwaka 2006. Maiki iliyotumika siku ile ilifanya kazi yake barabara. Hasara ilikuwa kwenye saini.

Karibu zaidi na nyumbani iko “Malaika”. Fadhili William aliirekodi Nairobi, Miriam Makeba akaipeleka ulimwenguni, Boney M wakaiimba, na mpaka leo majina manne hutajwa kila mjadala wa utunzi unapoanza: Fadhili William mwenyewe, Adam Salim, Lucas Tututu na Grant Charo. Anayesoma hoja za kila upande haraka hugundua kwamba ubishi huu hauna dawa, kwa sababu wakati wimbo unatungwa hakuna aliyeandika tarehe, maneno na jina mahali ambapo pangeweza kuonyeshwa baadaye. Kumbukumbu ya mtu dhidi ya kumbukumbu ya mwingine. Ukurasa mmoja wenye tarehe na saini za mashahidi wawili ungekuwa na thamani kubwa kuliko studio nzima.

Basi daftari linalosemwa hapa lina nini? Kwanza, linatenganisha vitu viwili ambavyo wasanii wengi huvichanganya: utunzi na rekodi. Utunzi ni maneno na melodia. Rekodi ni ile sauti mahususi iliyonaswa siku fulani. Kila kimoja ni haki ya peke yake na huweza kuwa na mwenyewe tofauti, na mtu anaweza kuuza kimoja akidhani ameuza kingine. Kwa sheria za Tanzania na Kenya haki huzaliwa hata kabla ya kazi kusajiliwa, lakini taasisi za hakimiliki, COSOTA ya Tanzania na KECOBO ya Kenya, zina daftari za usajili, na usajili ndio unaomsaidia mwenye kazi siku ya ushahidi. Pili, kila rekodi inapotolewa hupewa ISRC, namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12. Wasambazaji wengi wa mtandaoni huitoa bure, na wasanii wengi huisahau siku hiyo hiyo. Kosa kubwa. Ukihamia kwa msambazaji mwingine bila namba ile ile, wimbo wako utasomeka kama mgeni na hesabu ya wasikilizaji huweza kuanza sifuri. Tatu, mgawo: kama rafiki alipiga filimbi au kuitikia, asilimia yake iandikwe siku ya kurekodi, kabla wimbo haujaingiza hata senti, maana urafiki hugawana sifuri kwa amani sana. Nne, faili asilia zisizobanwa, nakala mbili, sehemu mbili tofauti; hiyo ndiyo nakala mama ya zama hizi, na ikipotea na simu iliyoibwa kwenye daladala hakuna fundi wa kuirudisha. Mwisho, majina na namba za watu walionunua au kuomba kuarifiwa. Hili la mwisho litarudi.

Msomaji atauliza: sheria zikiwapo na watekelezaji wakilegalega, daftari litasaidia nini? Ni swali la haki. Malalamiko ya wasanii kuhusu mirabaha Dar es Salaam na Nairobi ni ya miaka mingi na hayajaisha. Lakini tazama kinachotokea sheria inapobadilika kwa faida ya msanii. Mwaka 2022 Kenya ilirekebisha sheria yake ya hakimiliki na kumtengea msanii au mwenye haki si chini ya asilimia 52 ya mapato ya miito ya simu. Asilimia hiyo haimwendei mpigaji mzuri kuliko wote, inamwendea aliyeandikwa. Mabadiliko ya aina hii huja bila kubisha hodi, na aliyejiandaa ni yule aliyekuwa na karatasi zake tayari.

Kuna mfano wa mtu aliyefanya mambo kwa mpangilio huu mapema mno. Mwaka 1959 John Fahey, kijana wa Takoma Park, Maryland, alijirekodi akipiga gitaa kavu bila kuimba, akachapisha nakala zipatazo 100 za santuri kwa fedha za kazi ya kituo cha mafuta na za kukopa. Upande mmoja aliandika jina lake. Upande wa pili akabuni mpiga bluzi kipofu ambaye hakuwahi kuwapo, Blind Joe Death. Lebo aliiita Takoma, jina la mtaa wake. Nakala hizo 100 zilichukua miaka kuisha. Lakini rekodi na lebo vilikuwa vyake, na miaka 10 baadaye lebo hiyo hiyo ilimtoa mpiga gitaa mwingine, Leo Kottke, ambaye albamu yake ya mwaka 1969 hutajwa kuwa iliuza zaidi ya nakala 500,000. Mwaka 1979 Takoma iliuzwa kwa Chrysalis. Ukweli mwingine lazima usemwe: Fahey hakufa tajiri. Alipitia ulevi, maradhi na miaka ya kuishi kwenye vyumba vya moteli Oregon. Umiliki haukumpa busara ya maisha, na hakuna daftari linalotoa hiyo. Ulimpa kitu cha kuuza, jambo ambalo Linda hakubaki nalo.

Tuje kwenye soko la leo, ambako hesabu inawachanganya wengi. Huduma za usambazaji kama DistroKid, TuneCore na CD Baby hupeleka wimbo Spotify, Apple Music, Boomplay na kwingineko kwa ada ndogo. Mipango yao hutofautiana kwa namna inayomgusa sana mtu wa kipato kidogo: DistroKid hutoza kila mwaka, na ukiacha kulipa nyimbo huweza kuondolewa usipolipia ziada ya kuziacha; CD Baby hutoza mara moja kisha hubaki na asilimia 9 ya mapato. Kwa mpiga gitaa anayetoa nyimbo chache kwa miaka mingi, mpango wa pili mara nyingi ni nafuu. Baada ya hapo yanakuja malipo. Tangu 2024 Spotify hailipi mirabaha ya rekodi kwa wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12. Na ukivuka kizingiti hicho, tuseme kila usikilizaji unaleta theluthi ya senti ya dola: albamu moja ikiuzwa kwa dola 10 kwenye Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni ambalo hukata asilimia 15, inakuachia dola 8.50 kabla ya ada ya malipo. Ili kupata kiasi hicho kwa usikilizaji unahitaji mara 2,550. Mtu mmoja aliyenunua ni sawa na umati uliopita. Kwa mwanamuziki wa densi anayepigwa kila baa, umati upo. Kwa mpiga gitaa kavu, anayesikilizwa na wachache wanaompenda kweli, majukwaa ya usikilizaji yafanye kazi ya kibao cha dukani tu: yaonyeshe kwamba upo na yamwelekeze mteja mlangoni.

Hapa pingamizi zito linakuja, na ni la kwetu hasa: Waswahili hawanunui muziki. Watausikiliza bure redioni, wataupakua kwenye tovuti ya Mdundo, wataomba utumiwe WhatsApp. Na Bandcamp hulipa kupitia PayPal, ambayo haimhudumii kila mtu sawasawa katika kila nchi. Nchini Kenya angalau PayPal iliunganishwa na M-Pesa mwaka 2018. Yote ni kweli. Lakini kusema watu hawanunui muziki ni kuchanganya faili na tukio. Watu wale wale wasiotoa shilingi 1,000 kununua faili hutoa shilingi 5,000 kumtunza mpigaji anayetaja jina la shangazi yao harusini. Taarabu imeishi kwa kutuzwa kwa vizazi. Kutuza ni malipo ya moja kwa moja, bila msambazaji, na leo hupita kwenye simu. Mpiga gitaa anayejitegemea ana faida hapo kuliko bendi ya watu 12, maana gharama yake ya kufika ni nauli ya mtu mmoja na begi moja. Kinachopotea ni kinachofuata: mtu ametuza, ametuma fedha, namba yake imo kwenye simu ya msanii, kisha haandikwi popote. Mtu huyo, akiombwa ridhaa na kuarifiwa onyesho lijalo au albamu mpya, ni mteja. Watu 200 wa namna hiyo walioandikwa daftarini ni soko, na halikodiwi kutoka kwa kampuni ya California. Wengine kati yao wana ndugu Muscat, Toronto au London wenye kadi za benki na hamu ya kusikia Kiswahili kikiimbwa polepole.

Kwa vifaa vyenyewe, bajeti iliyobaki iende kwa utaratibu wa maadui. Adui wa kwanza wa gitaa pwani ni hewa. Mbao za gitaa hupenda unyevu wa wastani, kati ya asilimia 45 na 55, na Mombasa, Tanga au Unguja huzidi hapo siku nyingi za mwaka: uso wa gitaa huvimba, nyuzi huinuka juu ya shingo, noti za juu hazikai sawa. Gitaa la mbao nzima lenye sifa nyingi dukani huweza kuteseka kuliko la plaiwudi la bei ndogo. Jasho na chumvi hula nyuzi. Kitambaa kikavu cha kufutia kila baada ya kupiga ni kifaa cha studio, ingawa hakimo kwenye orodha ya mtu yeyote. Adui wa pili ni kelele. Maiki nzuri zaidi husikia feni, friji, bodaboda na jogoo wa jirani vizuri zaidi, kwa hiyo kununua maiki ya gharama kabla ya kupata utulivu ni kununua kelele safi. Magodoro mawili yakisimamishwa, kanga na mablanketi ukutani, saa tisa ya usiku, kompyuta ikitumia betri: hapo hata maiki ya dola 100 huonyesha alichonacho mpigaji. Iwekwe sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye gitaa, ikielekea pale shingo inapoungana na mwili, karibu na freti ya 12. Ikielekezwa kwenye tundu, besi hunguruma na kufunika kila kitu. Programu ya Audacity ni ya bure. Zaidi ya hapo ni starehe, na starehe si dhambi, ila isiitwe hitaji.

Atakayesema masikio ya leo yamezoea sauti iliyosuguliwa, na kwamba asiyekuwa nayo hataingia kwenye orodha za nyimbo, ana hoja nusu. Kuna kiwango cha chini ambacho msikilizaji hasamehi: gitaa lisilotyuniwa, sauti inayopasuka, mvumo usiokoma. Vyote vitatu huondolewa kwa umakini bila fedha. Juu ya kiwango hicho, majukwaa yenyewe husawazisha ukubwa wa sauti. Spotify hulenga −14 katika LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa hiyo kulipia sauti iminywe iwe kubwa ni kulipia kitu kitakachoshushwa.

Linabaki pingamizi la lebo, na hili sitalijibu kwa wepesi. Bila Tracey na Gallo tusingemjua Mwenda. Kikundi cha Abana ba Nasery cha magharibi mwa Kenya kilipata wasikilizaji wapya ng’ambo baada ya GlobeStyle ya London kukusanya rekodi zake za zamani na kuzitoa mwaka 1989. Mtu mmoja hawezi kutunga, kupiga, kurekodi, kuandika barua, kufukuzia mirabaha na bado akapata saa ya kufanya mazoezi. Fahey mwenyewe aliona hivyo. Mwaka 1963 alishirikiana na ED Denson kuiendesha Takoma, kwa sababu ofisi haikuwa kipaji chake. Tofauti ipo kwenye neno moja la mkataba: kukodisha au kuuza. Lebo inayopewa leseni ya miaka mitano kwa maeneo yaliyotajwa hufanya kazi yake yote, kisha haki hurudi. Inayouziwa haihitaji kurudisha chochote. Na mwenye daftari huingia mezani akijua anachokodisha ni nini, kina namba gani, na kinasikilizwa wapi.

Mwaka 1964 Fahey alisikiliza alichokirekodi mwaka 1959 na hakuridhika. Akapiga upya sehemu kubwa ya nyimbo zile, akatoa santuri yenye jina lile lile. Mwaka 1967 akazirudia tena kwa stirio. Hakuwa na mtu wa kumwomba ruhusa.